Hatua Ipi Iwafae Watu Wazima? Mwendo wa Bendi za Matarumbeta na Afya ya Miguu

Mama mmoja wa miaka 53 alifika kliniki ya mifupa akichechemea mguu wa kulia. Alieleza kwamba maumivu yalikuwa juu ya wayo, karibu na vidole, na kwamba yalimwanza taratibu, bila kuanguka wala kujikwaa. Niliupima mguu, nikaagiza picha ya eksirei, nikaitazama na kuona mifupa isiyo na dosari. Nikamwandikia dawa ya kutuliza maumivu, nikamshauri apunguze uzito, akaenda zake. Baada ya wiki tatu alirudi, safari hii akiwa ameegemea bega la binti yake. Picha ya pili ilionyesha kile ambacho ya kwanza haikuweza kukionyesha: ufa mwembamba katika mfupa wa pili wa wayo, ukiwa tayari umezungukwa na kivuli cheupe cha mfupa mpya unaojaribu kuuziba.

Swali nililopaswa kuliuliza siku ya kwanza nililiuliza siku hiyo. "Mama, katika miezi hii miwili, miguu yako umeitumia kufanya jambo gani ambalo hukuwa ukilifanya zamani?"

Alicheka kwa haya. "Daktari, mimi napiga tromboni katika bendi ya matarumbeta ya usharika wetu. Tunajiandaa kwa jubilei, na mwalimu ametubadilishia mwendo."

Binti yake, ambaye naye ni mpigaji katika bendi hiyo hiyo, alisimama katikati ya chumba akanionyesha. Akaenda mbele goti likiwa limekakamaa kama fimbo, kisigino kikigonga sakafu. Kisha akarudi kinyumenyume, mwili wote ukiwa umebebwa na ncha za vidole, visigino vikielea hewani. Mwendo huo, aliniambia, waliuona katika video za bendi za Marekani. Walikuwa wakiufanyia mazoezi siku nne kwa wiki, kwenye barabara ya lami mbele ya kanisa.

Juma lililofuata mwalimu wa bendi alikuja mwenyewe. Hakuja kulaumu wala kujitetea. Aliuliza swali moja: "Daktari, kama huu si mwendo wetu, basi tuchague upi?" Sikuwa na jibu la papo kwa papo. Makala haya ndiyo jibu nililomwahidi. Nimeyaandika kwa ajili ya walimu wa bendi na wanabendi wenyewe, na pia kwa wahudumu wa afya wenzangu, ambao bila shaka huwaona wagonjwa wa namna hii bila kujua kwamba wamewaona.

Gwaride la watu wazima si jambo geni

Katika pwani ya Afrika Mashariki, watu wazima wamekuwa wakiandamana kwa ngoma na matarumbeta tangu enzi za babu zetu. Ngoma ya beni, iliyopata jina lake kutokana na bendi za kijeshi za wakoloni, ilianza kushamiri katika miaka ya 1890. Mwanahistoria Terence Ranger aliitungia kitabu kizima kilichochapishwa mwaka 1975, akaeleza jinsi wenyeji wa Lamu, Mombasa, Dar es Salaam na miji ya bara walivyojipanga katika vikundi vyenye vyeo, sare na gwaride, vikundi mashuhuri vya Dar es Salaam vikiwa Marini na Arinoti. Leo tunazo bendi za sharika za Kilutheri kaskazini mwa Tanzania, tunayo matarumbeta yanayosindikiza maharusi mijini, na tunazo bendi za majeshi yetu katika sikukuu za taifa.

Marekani nako upo utamaduni wa vikosi vya ngoma na matarumbeta, ambao ulikua sana kupitia vyama vya askari wastaafu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Shirika la Drum Corps International, lililofanya mashindano yake ya kwanza ya ubingwa mwaka 1972, lilijengwa kwa ajili ya vijana. Kando yake vimekuwapo vikosi vya watu wa rika zote, ambamo mtu wa miaka 20 husimama safu moja na mtu wa miaka 60. Jambo hili lina uzito kwa mjadala wetu. Video zinazosambazwa zaidi ni zile za vijana, ambao majira yote ya kiangazi hawafanyi kazi nyingine ila mazoezi, siku nzima, chini ya wakufunzi wengi. Mwalimu anayeuchukua mwendo wao na kuwapa wazazi wanaokutana jioni baada ya kazi huwa amechukua matokeo na kuyaacha maandalizi.

Tiba nayo imewajua waandamanaji kwa muda mrefu. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aliyeitwa Breithaupt aliandika kuhusu askari waliovimba na kuumwa nyayo baada ya mwendo mrefu, bila jeraha lolote la kuonekana. Sababu haikujulikana mpaka eksirei ilipogunduliwa: mwaka 1897 Stechow alionyesha kwamba mifupa ya nyayo hizo ilikuwa na nyufa. Hadi leo ufa huo huitwa kwa jina la gwaride katika vitabu vya tiba. Mgonjwa wangu wa tromboni alikuwa na maradhi ya askari wa Prussia.

Hatua nne na namna zinavyoubeba mwili

Zipo namna nyingi za kutembea kwa gwaride, ila kwa mahitaji yetu tunaweza kuzigawa katika hatua nne.

Ya kwanza ni hatua ya kijeshi, tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza. Urefu wake wa kawaida ni inchi 30, yaani sentimita 76, na mwendo wa haraka huwa na hatua zipatazo 120 kwa dakika. Mkono hurushwa na kisigino hushuka kwa nguvu. Hatua hii ilibuniwa kwa ajili ya askari kijana aliyevaa buti, asiyepuliza chochote mdomoni.

Ya pili ni hatua ya goti lililonyooka. Mguu unaotangulia hunyooshwa kabisa kabla ya kugusa ardhi, vidole vikiwa vimeinuliwa. Uzuri wake huonekana mtu akitazama kutoka mbali na juu, kwa kuwa mamia ya miguu huonekana kama mistari iliyochorwa kwa rula.

Ya tatu ni hatua ya kubingirisha wayo. Kisigino hugusa kwanza kwa upole, kisha uzito husafiri polepole kupitia wayo mpaka kwenye vidole, goti likiwa laini, halikukunjwa sana wala halikukazwa. Kiwiliwili hakipandi wala hakishuki, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani.

Ya nne ni hatua ya goti juu, ambayo paja huinuliwa hadi kukaribia kulala sambamba na ardhi. Bendi ya Chuo Kikuu cha Florida A&M ni miongoni mwa zile zilizojijengea jina kwa mwendo wa namna hii, na watazamaji huupenda kwa sababu una mbwembwe na uchangamfu.

Sasa tuitazame miguu. Mtu anapotembea kwa kawaida, mara tu kisigino kinapogusa ardhi goti hujikunja kidogo, nyuzi 15 hadi 20 hivi. Kunjo hilo dogo hufanya kazi kama shokapu ya gari, likiumeza mshindo kabla haujapanda kwenye nyonga na pingili za mgongo. Hatua ya goti lililonyooka huiondoa shokapu hiyo kwa makusudi. Kijana mwenye misuli imara ya paja na kiuno hulipa gharama hiyo bila kuihisi sana, ilhali mtu wa miaka 50 aliyekwisha kuanza kusagika gegedu huilipa kila hatua.

Hatua ya goti juu inaleta tatizo la namna nyingine. Wengi hudhani kwamba kukunja goti ndiko kunakoumiza, kumbe goti linaloinuliwa halibebi kitu. Mguu unaoelemewa ni ule uliobaki chini: mwili wote husimama juu yake kwa muda mrefu kuliko katika kutembea kwa kawaida, kisha ule wa juu hushuka kwa kishindo, mara nyingi ukitanguliza sehemu ya mbele ya wayo. Mwenye mizani dhaifu huyumba, na mwenye mgongo mbovu huinama nyuma ili paja lipande, akauumiza zaidi.

Hatua ya kijeshi, kwa upande wake, ina tatizo la urefu. Hatua ya kawaida ya mtu mzima hukaribia sehemu 41 kwa mia ya kimo chake. Mama mwenye kimo cha sentimita 155 ana hatua ya asili ya sentimita 64 hivi. Tukimtaka apige sentimita 76, tunamlazimisha kuutupa mguu mbele mno, atue kwa kisigino mbali na kiwiliwili, na kila kutua kuwe ni kujifungia breki. Hatua ya sentimita 76 huwa ya asili kwa mtu mwenye kimo cha sentimita 185 hivi, na katika bendi zetu watu hao ni wa kuhesabika.

Kurudi kinyumenyume kwa ncha za vidole ni jambo linalohitaji kutajwa peke yake, kwa kuwa ndilo lililomvunja mgonjwa wangu. Kisigino kikining'inia, uzito wote huangukia vichwa vya mifupa ya wayo, na misuli ya shavu la mguu pamoja na kano ya kisigino hukaa katika mkazo usiokoma. Mfupa wa pili na wa tatu wa wayo ni myembamba na haina nafasi ya kukwepa. Ndiyo maana nyufa hupenda kuanzia hapo.

Hesabu ya zoezi moja

Walimu wa bendi hupima mazoezi kwa saa, ila mifupa huhesabu hatua. Chukua zoezi la saa mbili ambalo nusu yake ni kutembea. Kwa mapigo 120 kwa dakika, hizo ni hatua 7,200, sawa na 3,600 kwa kila mguu. Mwalimu akiongeza kasi hadi mapigo 160, hatua hufika 9,600 katika saa ile ile. Kwa mazoezi manne ya juma, tofauti ya kasi hizo mbili ni hatua 9,600 za ziada, yaani ni kama wameongeza zoezi la tano bila mtu kutambua.

Mfupa ni kitu hai. Unapopigwa mara nyingi huvunjavunja chembe zake zilizochoka na kujenga mpya, nao hupata nguvu zaidi mradi upewe muda. Ufa wa uchovu hutokea pale ambapo ubomoaji umekwenda mbio kuliko ujenzi. Kwa mwanamke aliyefikia ukomo wa hedhi, ujenzi huo umepungua kasi kwa sababu homoni iliyokuwa ikiulinda mfupa imepungua. Kano nazo hupoteza unyumbufu kadiri miaka inavyosonga, na misuli hupungua kwa mtu asiyeitumia.

Kisha upo mzigo. Tarumbeta ina uzito wa kama kilo moja, nayo haimsumbui mtu. Ngoma ya besi pamoja na mikanda yake huweza kufikia kilo 10 na zaidi, na susafoni ya shaba huweza kuzidi kilo 12. Utafiti wa Messier na wenzake uliochapishwa mwaka 2005, uliowahusu watu wazima wanene wenye kusagika kwa goti, ulionyesha kwamba kila kilo moja iliyopungua mwilini iliambatana na kupungua kwa takribani kilo nne za mzigo juu ya goti katika kila hatua. Utafiti huo haukupima ngoma. Hata hivyo unatufundisha kwamba kilo inayobebwa mabegani haifiki gotini ikiwa kilo moja.

Nisieleweke vibaya. Kupiga ala huku ukitembea ni mazoezi mazuri sana. Jedwali la kimataifa la matumizi ya nguvu za mwili huiweka kazi hiyo kati ya mara nne na mara tano na nusu ya nguvu atumiayo mtu aliyeketi tuli, kiwango kinacholingana na mazoezi ya wastani. Shirika la Afya Duniani linawataka watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Mwanabendi anayetembea saa moja mara tatu kwa wiki amevuka lengo hilo, akiwa pamoja na rafiki zake na bila kulipia ukumbi wa mazoezi. Kwa mwenye shinikizo la juu la damu lililodhibitiwa, au kisukari bila vidonda wala ganzi ya miguu, bendi ni dawa. Kwa hiyo kumwambia mgonjwa "acha bendi" ni ushauri mwepesi kwa daktari na mzito kwa mgonjwa. Mimi nilikaribia kuutoa.

Uchaguzi ninaoupendekeza

Kwa bendi ya watu wazima wenye rika mchanganyiko, hatua ya kubingirisha wayo ndiyo inayofaa kuwa msingi. Sababu ya kwanza ni ya kitabibu: huiacha shokapu ya goti ifanye kazi yake na hugawa uzito katika wayo mzima. Sababu ya pili ni ya kimuziki. Mdomo wa tarumbeta hukaa juu ya midomo na meno, na kila mshindo unaopanda kutoka kisiginoni huishia hapo. Mwalimu anaweza kuthibitisha mwenyewe: mpigaji apulize sauti moja ndefu kwa mapigo manane akiwa amesimama, kisha aipulize tena akitembea. Sauti ikitetemeka, hatua inagonga. Kinachoiharibu noti ndicho kinachoiharibu gegedu.

Urefu wa hatua uwe sentimita 57 hadi 60. Bendi za uwanjani za Marekani hutumia hatua nane kwa yadi tano, ambayo ni sentimita 57 kila hatua, na kipimo hicho ni chepesi kwa mrefu na kinamwezekana mfupi. Chora mistari ya chaki kwenye uwanja, watu waizoee wiki mbili bila ala. Kasi iwe mapigo 100 hadi 116 kwa dakika, na ile 120 iachiwe siku ya tukio.

Kurudi kinyumenyume kupunguzwe. Mahali ambapo mpangilio unalazimu, hatua iwe fupi, kisigino kiruhusiwe kugusa ardhi, na isizidi mapigo 16 kwa mfululizo. Kabla ya mwanabendi kuruhusiwa, asimame kwa mguu mmoja akishika ukuta kidogo, ainue kisigino mara 10 bila maumivu, kisha abadili mguu. Asiyeweza, abaki mahali pake wengine wanaporudi. Kipimo hiki ni changu cha kliniki, chepesi na kisicho na gharama, nacho kimenisaidia.

Mazoezi yaongezwe kidogo kidogo. Kanuni ya tahadhari inayotumiwa na makocha wengi ni kutoongeza zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa wiki. Pumzika angalau siku moja kati ya mazoezi mawili ya kutembea. Siku ya kati bendi iketi na kujifunza nyimbo. Uwanja wa nyasi au udongo ulioshindiliwa ni bora kuliko lami, na barabara iliyoinama upande mmoja iepukwe kwa kuwa huufanya mguu mmoja kuwa mfupi. Wakati wa mazoezi watu wavae raba zenye soli nene, na viatu vya sare vivaliwe mara chache kabla ya siku yenyewe ili vizoeleke.

Jambo la mwisho ni heshima. Katika vikosi vya Marekani wapo wapigaji wasiotembea kabisa: husimama mbele ya uwanja na ala zao kubwa, na hakuna anayewahesabu kuwa pungufu. Bendi zetu zinaweza kuweka ngoma ya besi juu ya kigari cha kusukuma, au kuwapa wazee mahali pa kudumu penye kiti mbele ya mlango wa kanisa, pale msafara unapoanzia na unapoishia. Mtu akijua kwamba nafasi yake haitapotea, hataficha maumivu.

Mwalimu wa bendi alipousikia ushauri huu alikuwa na hoja moja, nayo ilikuwa nzito: "Daktari, uzuri utapotea. Vijana watasema tumekuwa msafara wa mazishi." Nilimjibu hivi. Goti lililonyooka lilibuniwa kwa watazamaji walioketi juu katika majukwaa ya uwanja, mbali, wanaoiona miguu yote kwa pamoja. Watazamaji wetu husimama kando ya barabara, karibu, macho yao yakiwa usawa wa mabega. Wanachokiona ni safu za vichwa, mng'ao wa shaba na mikono inayokwenda pamoja. Safu iliyonyooka ya watu wanaotembea kwa raha hupendeza kuliko miguu iliyokakamaa ambayo kila mmoja wake unachelewa kwa maumivu yake. Hakukubali siku hiyo. Alikubali baada ya kuipiga video bendi yake mwenyewe akiwa amesimama mahali wanaposimama waumini.

Kwa wahudumu wa afya wenzangu

Kosa langu la siku ya kwanza lilikuwa kuiamini picha kuliko historia. Eksirei ya ufa wa uchovu huweza kuonekana safi kabisa katika wiki mbili hadi tatu za mwanzo. Kwa hiyo mtu mzima anayelalamika maumivu ya wayo au ya muundi bila jeraha aulizwe maswali haya:

1. Ni shughuli gani mpya, au shughuli ya zamani iliyoongezeka, katika miezi miwili iliyopita?
2. Je, maumivu huanza ukitembea na kutulia ukipumzika, au sasa yamekuwa ya kudumu, hata usiku?
3. Unaweza kuonyesha mahali penyewe kwa kidole kimoja?
4. Unavaa viatu gani, na unatembea juu ya nini?
5. Kwa mwanamke: hedhi ilikoma lini? Je, umewahi kuvunjika mfupa kwa mwanguko mdogo?
6. Unatumia dawa gani, hasa zile za jamii ya steroidi?

Maumivu yanayoonyeshwa kwa kidole kimoja juu ya mfupa, kwa mtu aliyeongeza mwendo, yatibiwe kama ufa hata picha ikiwa safi: apumzike, avae kiatu chenye soli ngumu, picha irudiwe baada ya wiki mbili au tatu. Ufa wa mfupa wa pili hadi wa nne wa wayo kwa kawaida hupona katika wiki sita hadi nane bila upasuaji. Ufa wa kitako cha mfupa wa tano, wa katikati ya wayo kwa juu, au wa shingo ya paja ni jambo jingine. Maumivu ya kinena kwa mwandamanaji mzima yasichukuliwe kuwa misuli mpaka shingo ya paja ithibitishwe kuwa salama. Hao wapewe rufaa mapema, nao wasiukanyagie mguu wakati wanasubiri.

Mwenye kisukari anahitaji tahadhari ya pekee. Ganzi humnyima kengele ya maumivu, hivyo anaweza kuendelea kutembea juu ya mfupa uliovunjika. Mguu wake ukivimba, ukawa wa moto na mwekundu bila kidonda, tusikimbilie kusema ni maambukizi. Viungo vya wayo vyaweza kuwa vinabomoka. Mwondolee uzito kwenye mguu siku hiyo hiyo na umpeleke kwa mtaalamu. Vilevile shavu la mguu mmoja lililovimba na kuuma huweza kuwa damu iliyoganda katika mshipa, na kifua kinachobana wakati wa kutembea na kupuliza ni dharura, hata kama mgonjwa anasema ni pumzi tu imekwisha.

Wanabendi nao wasisubiri. Maumivu yanayoisha usiku mmoja ni uchovu wa kawaida. Maumivu yanayorudi mahali pale pale katika mazoezi matatu mfululizo yanahitaji kupumzika na kuonwa na mhudumu. Kumeza dawa ya maumivu ili kumaliza zoezi ni sawa na kuziba masikio kengele inapolia.

Mgonjwa wangu hakuandamana siku ya jubilei. Aliketi kwenye kiti karibu na mlango wa kanisa, mguu ukiwa ndani ya kiatu kigumu, akapiga tromboni msafara ulipotoka na uliporudi. Aliniambia baadaye kwamba alilia kidogo, kisha akaacha. Wiki ya nane picha ilionyesha mfupa uliounga vizuri. Tulimrudisha kwa dakika 10 za kutembea, kisha 15, kwa hatua za sentimita 57 alizozipima binti yake kwa chaki uani kwao. Sasa yuko safu ya pili, upande wa kulia. Mimi nimeliandika lile swali la kwanza kwenye karatasi na kulibandika ukutani mbele ya meza yangu, na siku nyingi bado linanikumbusha kuuliza kabla sijaandika dawa.